Wikendi na mtoto mdogo ukiwa Berlin: mtume, usimburudishe tu

Wazazi wenzangu mlioko huku, hasa nyie wa Berlin wenye watoto wa miaka mitatu minne mitano, naandika hii kwa sababu nimeulizwa mara nyingi tunafanyaje. Mke wangu ni nesi, wikendi mbili kila mwezi anaingia shifti, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hizo tunabaki wawili tu, mimi na mwanangu wa miaka minne. Mwanzoni zile siku zilikuwa zinanitisha kuliko kazi yenyewe, asubuhi hujui uanzie wapi, mchana umeshatoa hela nyingi, jioni mtoto analia na wewe umechoka na mchana kutwa mmeongea Kijerumani tu.

Kiukweli hapo kwenye Kijerumani ndipo pananiuma zaidi. Hebu piga hesabu. Jumatatu mpaka Ijumaa mtoto yuko Kita, yaani chekechea ya huku, kule ni Kijerumani asubuhi mpaka jioni, akirudi ni kula, kuoga na kulala, yaani Kiswahili kinabakiziwa kama saa moja na nusu ya mtoto aliyechoka. Kwa hiyo wikendi ndiyo siku zake za Kiswahili, hakuna nyingine. Na Kiswahili hakiingii kwa kumkalisha mtoto mezani na kumwambia hii inaitwa hivi, rudia, dakika tano nyingi keshakimbia. Sisi wenyewe tulikipataje? Tulitumwa. Nenda kwa mama fulani kaombe chumvi, nenda dukani kalete kiberiti, mwambie babu chakula tayari, kaulize saa ngapi. Kutwa nzima unatumwa, unarudi na jibu, unatumwa tena. Huku huwezi kumtuma mtoto wa miaka minne dukani peke yake, kwa hiyo wewe mzazi ndo inabidi utengeneze hizo safari ndogondogo za kutumwa. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na Ijumaa jioni. Angalia jikoni kuna nini, maana Jumapili huku maduka yanafungwa kwa sheria, ukikosa maziwa ya mtoto Jumapili asubuhi unaishia kwenye kiduka cha kona kwa bei ya juu, au unapanda treni mpaka stesheni kubwa kama Hauptbahnhof ambako supamaketi ziko wazi ila foleni yake usiiombe. Kisha panga kitu kimoja cha kutoka nje kwa siku. Kimoja tu jamani. Nilikuwa napanga vitatu, bustani asubuhi, marafiki mchana, duka jioni, mtoto anavurugika na wewe unabaki kusema haraka haraka, na neno haraka likiwa ndo neno analolisikia zaidi siku nzima basi hilo ndo atakalolijua.

Jumamosi asubuhi sisi ni siku ya chupa. Wageni hawajui hii lakini mkishakaa mwezi mmoja mnaizoea, chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo unalipia amana ya senti 25 kila moja, chupa ya kioo ya bia ni senti 8, ukirudisha kwenye mashine ya supamaketi unapewa karatasi unaenda nayo kaunta unarudishiwa hela. Wiki nzima tunazikusanya kwenye mfuko nyuma ya mlango, Jumamosi mtoto anaubeba yeye, kama ni mzito tunashika wote, mkono mmoja wangu mmoja wake. Kwenye mashine kile kishimo kiko juu kwa hiyo mnyanyue, mwambie ingiza kitako kwanza, halafu mhesabu wote kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Usione aibu na watu walioko nyuma kwenye foleni, wengi watatabasamu. Chupa nne za senti 25 ni yuro moja, kwa hiyo ukifika nne unasimama kidogo unamwambia tayari tuna yuro moja, tuendelee. Mwanangu alijua kuhesabu mpaka ishirini kwa Kiswahili pale kwenye mashine kabla hajajua kwa Kijerumani. Kuna siku mashine ilijaa ikagoma, taa nyekundu ikawaka, akanigeukia akasema, "Baba, imeshiba." Neno hilo mimi sikumfundisha, kalitoa kwa bibi yake ambaye kila akipiga simu lazima amuulize kama kashiba. Nilisimama pale na chupa mkononi machozi yananilenga.

Ile hela ya chupa ni yake, na ina kazi. Sisi tunakaa mtaa wa Wedding, barabara ya Müllerstraße ile na vichochoro vyake imejaa maduka ya Waturuki na maduka ya Waafrika, unapata bamia, ndizi za kupika, unga wa mahindi, unga wa muhogo, mawese, tui la kopo, giligilani fungu kubwa. Chagua duka dogo ambalo ukisimama kaunta unaliona lote, hapo ndo pa kumtuma. Kaniletee ndimu tatu. Anaenda, anarudi na tano. Unamwambia hizi tano, rudisha mbili. Anaenda tena. Kalete kitunguu kimoja kikubwa, siyo hicho, kile kikubwa. Hapo kwa dakika kumi kafanya hesabu, kafanya kikubwa na kidogo, kafanya hiki na kile, ambazo ndizo zinawapiga chenga watoto wetu wa huku, na wewe manunuzi yamekwisha. Mkifika kaunta mwache alipe mwenyewe kwa hela ya chupa, hata kama ni hiyo ndimu tu.

Sasa hapa niseme kuhusu akikujibu kwa Kijerumani, maana atakujibu tu. Usimkaripie, na ile "sema kwa Kiswahili" iache kabisa, mimi niliitumia miezi mingi na matokeo yake alikuwa ananyamaza, na mtoto aliyenyamaza ni hasara kuliko mtoto anayeongea Kijerumani. Fanya hivi: alichosema wewe kichukue, kirudishe kwa Kiswahili ndani ya jibu lako, uendelee. Tuko bustanini anapiga kelele kwa Kijerumani kwamba kamuona kindi, mimi nasema, "Ee, nimemuona yule kindi, kapanda juu kabisa, unamuona mkia wake?" Basi. Keshasikia kindi, keshasikia mkia, wala hajajisikia kakosea. Baada ya mara tano sita unasikia mwenyewe anasema kindi. Na kama na wewe neno hulikumbuki, mpigieni mtu nyumbani mumuulize, mtoto akiona baba naye anauliza inamsaidia.

Simu ya bibi tunapiga Jumamosi saa nne asubuhi ya huku. Wakati wa kiangazi Tanga ni saa tano, wakati wa baridi ni saa sita mchana, saa zinabadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mwambieni bibi mapema asije akasubiri simu akadhani mmemsahau. Kosa kubwa ni kumshikisha mtoto simu na kumwambia ongea na bibi. Aongee nini? Anabaki anaitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo cha simu. Mimi nilimuomba mama yangu asimuulize maswali mengi, amtume. Sasa inaenda hivi, mtoto anaamkia shikamoo bibi, bibi anajibu marahaba mume wangu, umekula? Halafu hapohapo anamwambia hebu nenda kaniletee kijiko nikione. Mtoto anakimbia jikoni anarudi na kijiko. Si hicho, mie nataka kikubwa cha mwiko. Anakimbia tena. Kuna wakati analeta viatu, mto, sufuria, kiazi, chumba kizima kinahamia mbele ya simu, na bibi anacheka mpaka kanga inamdondoka begani. Dakika ishirini zinaisha hujaingilia hata neno moja, na wewe umepata nafasi ya kuosha vyombo.

Mchana alale kama bado analala, akiamka ni kwenye bembea na mchanga. Viwanja vya kuchezea vya Berlin ni vizuri kweli, vya bure, na viko karibu kila mtaa, kwa hiyo hapo sina maneno mengi zaidi ya nguo. Nunueni suruali ya mvua ile ya mpira ya kuvaa juu, hata Kita wanaidai, mitumba yake ipo tele na ni bei rahisi, na mkiwa nayo mvua haiwafungii ndani tena. Mwezi wa kumi miti ya chesnati inamwaga mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa, watoto wote wanaokota, sisi tunajaza mifuko halafu nyumbani tunachezea kete. Trei ya mayai ya huku ina vishimo 10, ukiweka trei mbili pamoja mtoto anaanza kugawa moja moja kila kishimo. Si bao lenyewe, bao lenyewe lina mashimo 32 na kete 64 na huyu hajafika huko, ila mkono unazoea, na mwaka huu nitamchongea ubao mdogo.

Jumapili ndo siku ya kutoka. Nina sehemu mbili ambazo nitawaambia kwa undani kwa sababu zinatuhusu sisi moja kwa moja, mengine ya mjini mtayaona wenyewe.

Ya kwanza ni makumbusho ya viumbe na mawe, Museum für Naturkunde, ipo kwenye laini ya treni ya U6 na kituo chake kinaitwa Naturkundemuseum, ukitokea Wedding huhitaji kubadilisha treni. Mtoto chini ya miaka 6 hapandi treni kwa nauli na pale makumbusho pia anaingia bure, tiketi ni ya mkubwa tu, Jumapili wanafungua saa nne asubuhi na mjitahidi mfike hiyo saa nne maana saa sita pamejaa. Wana ukarabati unaoendelea kwa hiyo cheki tovuti yao kwanza muone sehemu gani ziko wazi. Kwenye ukumbi wa dainosa amesimama yule mkubwa, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na huyo ametoka kwetu, Tendaguru, Lindi. Alichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia ya vibarua wa kusini walifanya ile kazi, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na watu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi safari ya siku kadhaa, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mtoto usimpe hayo yote. Mimi nilimwambia huyu ametoka Tanzania, alikufa zamani sana, mifupa yake wakaibeba vichwani kipande kipande mpaka kwenye meli. Akauliza nani aliibeba, nikamwambia watu wa kwetu. Akakaa kimya akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akauliza na kichwa nani alibeba. Siku hiyo tulirudi nyumbani hana swali lingine ila hilo. Na kwa kuwa nilimwambia ni mkubwa kuliko bibi na babu wote, sasa hivi tukiingia pale kitu cha kwanza anamwamkia shikamoo. Mambo ya mjadala wa kumrudisha Tanzania nitamweleza akifikisha umri wake, ila nataka akiusikia awe tayari anamjua huyu ni wa wapi.

Ya pili ni bustani ya Rehberge, shuka kituo cha Rehberge hiyohiyo U6. Kuna nguruwe pori na swala wa huku ndani ya uzio, bure, na nafasi ya kukimbia mpaka mtoto achoke kabisa. Kabla ya kuingia bustanini pitieni mtaa wa pembeni unaoitwa mtaa wa Kiafrika, maeneo hayo kabla ya vita vya 1914 mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipanga kuweka pale wanyama na watu kutoka makoloni ili watazamwe, vita ikazuia. Mkitembea mtaona Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Tangastraße. Mimi wa Tanga nilipokiona kile kibao mara ya kwanza nilisimama. Nilimpiga mtoto picha chini yake nikamtumia bibi, sasa imewekwa sebuleni. Ipo pia ile barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani wazee wetu walimwita mkono wa damu, tarehe 23 Agosti 2024 jina likaondolewa na kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Mtoto hajui historia bado lakini anajua maji, anakisoma kibao kwa kukumbuka, maji maji, anaruka, na mimi namwacha aruke.

Mvua ikizidi au baridi ikiwa kali sana pandeni treni ya mduara, S41 au S42, inazunguka katikati ya mji kwa saa moja na inarudi palepale mlipopandia. Bebeni uji kwenye chupa ya moto na matunda, kaeni dirishani, mchezo ni kutaja mnachokiona. Daraja. Mto. Mzee ana mbwa. Mbwa ana koti. Tiketi iwe ya siku au ya mwezi, maana ya safari moja hairuhusu kuzunguka na kurudi ulikotoka, na mtoto hachoki.

Jumapili mchana tunapika maandazi. Unga gramu 500, wa hapa umeandikwa namba, chukua 405 au 550, hamira pakti moja ya gramu 7, sukari gramu 100, hiliki nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, tui la kopo vuguvugu kama mililita 250 ukimimina kidogokidogo unaangalia unga. Hiliki atwange mtoto, ila weka taulo chini ya kinu. Jumapili majirani wa huku wanataka utulivu, kutoboa ukuta hapana, kutupa chupa za kioo kwenye mapipa hapana, na mimi nilishagongewa mlango kwa sababu ya kinu. Kelele za mtoto mwenyewe ni kitu kingine, sheria ya Berlin tangu 2010 inasema zivumiliwe, kwa hiyo usiwe unamziba mtoto mdomo kila akicheka. Mpe donge lake akande. Mwambie kanda, bonyeza, kunja, geuza, maneno manne hayo anayarudia mwenyewe kwa mdundo. Funika bakuli na kitambaa uliweke juu ya hita kama ni baridi, saa moja linatosha, na katikati mtume akachungulie kama unga umeumuka. Atakwenda mara kumi. Kukaanga ni wewe, sufuria iwe jiko la nyuma na mtoto akae mezani, kazi yake ni kuhesabu yanayofika kwenye sahani. Matatu tunafunga kwenye karatasi, ya mama akitoka shifti.

Kulala ndo panapokuwa na shida kwa sababu ya jua. Saa yetu inafuata jua na jua la huku halifuati saa yetu. Mwezi wa sita unamwambia saa mbili usiku sasa, anakuonyesha dirisha, jua lipo, na kwa macho yake yuko sahihi kabisa. Mwezi wa kumi na mbili ni kinyume, saa kumi kasoro dakika chache jua limezama na mtoto anauliza kama tunalala. Usibishane naye kuhusu saa, wekeni pazia zito la kuzuia mwanga na mfuate mpangilio uleule kila siku, kuoga, kupaka mafuta, paukwa, pakawa, sungura na fisi, taa. Akisikia paukwa anajua ni usiku hata kama nje kunang'aa.

Halafu na wewe usilale kabla hujaandaa mfuko wa Kita. Suruali ya mvua ioshe Jumapili hiyohiyo mkirudi bustanini uining'inize bafuni, ukingoja mpaka usiku haikauki, na Jumatatu asubuhi atakwenda na ya maji.